Uraia pacha wa Latvia: wapi uko salama, wapi unavuliwa

Swali: Mimi ni Mkenya wa Kilifi, mume wangu ni Mlatvia wa Riga. Tunaishi Leeds tangu 2016. Kijana wetu Kristaps ana miaka 22. Alizaliwa Riga, ana pasipoti ya Latvia, na alipokuwa mdogo nilimchukulia ya Kenya pia. Yeye na baba yake wanataka kuomba uraia wa Uingereza. Kuna rafiki Mlatvia ametutia hofu: anasema tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, Mlatvia akila kiapo hapa anavuliwa uraia wa kwao. Kijana naye anafikiria kuingia jeshi la Uingereza. Na mume wangu anasema akistaafu atachukua uraia wa Kenya tukakae nyumbani. Tuko salama? — *Mama Kristaps, Leeds*

Jibu:

Mama Kristaps, hofu yako umeielekeza pasipo hatari. Kiapo cha Uingereza hakitawapotezea uraia wa Latvia, si baba wala mwana. Hatari iko Kenya, katika mambo mawili uliyoyataja kama ya pembeni: ile pasipoti uliyomchukulia kijana, na ule mpango wa mzee wa kustaafu.

Nianze na rafiki yenu, maana hajabuni. Amechanganya sheria ya zamani na ya sasa. Sheria ya Uraia ya Latvia ni ya 1994, na kwa karibu miaka 20 ilimbana sana mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine. Bunge la huko, Saeima, liliifanyia marekebisho makubwa Mei 2013, yakaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2013. Tangu siku hiyo Mlatvia anabaki na uraia wake iwapo uraia wa pili ni wa nchi ya Umoja wa Ulaya, ya jumuiya ya biashara huria ya EFTA (Norway, Iceland, Uswisi na Liechtenstein), ya NATO, au ni wa Australia, Brazil au New Zealand. Huongezwa hapo nchi yoyote itakayokuwa na mkataba na Latvia wa kutambua uraia pacha.

Rafiki yenu aliishia kwenye Umoja wa Ulaya, hakusoma mpaka NATO. Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, lakini NATO ni mwanachama tangu 1949 na haijatoka. Mlango mmoja umefungwa, wa pili uko wazi, na sheria inataka mmoja tu. Ni hivyo hivyo kwa Marekani, Canada na Uturuki, ambazo hazijawahi kuwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Ireland iko upande wa pili wa mizani: haimo NATO, ila imo Umoja wa Ulaya, basi nayo inatosha.

Kabla ya yote, fungua pasipoti ya mumeo utazame jalada. Ikiwa imeandikwa *Nepilsoņa pase*, yeye si raia wa Latvia. Ni mkaazi mwenye hadhi ya “asiye raia”, hadhi waliyopewa watu waliohamia enzi za Kisovieti na wazao wao, na kanuni zake ni nyingine kabisa. Wengi walioolewa na watu wa Riga hugundua hilo wakiwa wamechelewa. Maelezo yote yanayofuata nimeyaandika nikichukulia kwamba yeye ni raia kamili.

Kiapo cha Leeds

Kwa upande wa Uingereza, uraia hauanzi siku barua ya kukubaliwa inapoingia mlangoni. Mtu mzima anakuwa raia siku ya sherehe, anapotamka kiapo na ahadi mbele ya msajili, na sherehe hiyo lazima ifanyike ndani ya miezi 3 tangu mwaliko. Tarehe iliyo kwenye cheti cha uraia ndiyo mtakayoitumia kwenye hesabu nyingine zote. Kipigeni picha cheti siku hiyo hiyo, pande zote mbili.

Baada ya hapo toeni taarifa Latvia. Ofisi inayohusika ni PMLP, idara ya uraia na uhamiaji iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ukiwa Uingereza unaweza kupitia ubalozi wa Latvia London. Nashauri msivuke siku 30 tangu kiapo. Ni karatasi chache: maombi yenye namba yake ya utambulisho ya Latvia (*personas kods*, tarakimu 11), nakala ya cheti cha uraia wa Uingereza, na nakala ya pasipoti ya Latvia. Taarifa hii haiombi ruhusa, kwa sababu ruhusa imeshatolewa na sheria. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba siku akienda kubadilisha pasipoti, aulizwe kama ana uraia mwingine, jibu lake na rejista viseme kitu kimoja. Mtu anayeacha sehemu hiyo tupu kwa woga anajitengenezea kesi pasipokuwa na kosa.

Pasipoti ya Latvia ikiisha muda, uraia hauishi nayo. Wanaoishi nje huogopa hili bure.

Jeshi

Kifungu cha 24 cha ile Sheria ya Uraia ya Latvia kinaruhusu kumvua uraia Mlatvia anayejiunga kwa hiari na jeshi la nchi ya kigeni bila ruhusa ya Baraza la Mawaziri. Ila majeshi ya nchi za ile orodha niliyoitaja hayamo katika katazo hilo. Jeshi la Uingereza ni la NATO, kijana ana njia. Angetaka kuvaa magwanda ya Kenya, hapo angehitaji ruhusa ya Riga kwanza.

Kuna jingine linalowashtua vijana. Latvia ilirudisha utumishi wa lazima wa ulinzi mwaka 2023, miezi 11, kwa wanaume wa miaka 18 hadi 27 waliozaliwa kuanzia 2004. Tazama mwaka wa kuzaliwa wa Kristaps. Na asidhani pasipoti ya Uingereza itamkinga na barua kama hiyo: kifungu cha 9 cha Sheria ya Uraia kinasema Mlatvia mwenye uraia mwingine, mbele ya dola la Latvia, anahesabiwa Mlatvia tu. Maana yake pia ni kwamba akipata matatizo Riga, ubalozi wa Uingereza hauwezi kusimama mbele kumdai kama mtu wake.

Siku ya kuzaliwa ya 25

Hapa ndipo penye kazi, nami nitakaa hapa zaidi.

Latvia inamruhusu mtoto kuwa na uraia wa nchi yoyote ile pamoja na wake. Akishakuwa mtu mzima, ikiwa ule mwingine ni wa nchi isiyomo kwenye orodha, lazima achague, na mwisho wa kuchagua ni kabla hajatimiza miaka 25. Ama anaukana ule mwingine na kupeleka ushahidi PMLP, ama anaukana wa Latvia. Kenya haimo Umoja wa Ulaya, haimo EFTA, haimo NATO. Uganda, Rwanda na Burundi ni vivyo hivyo: wao wenyewe wanakubali uraia pacha, lakini Riga haiangalii wao wanakubali nini.

Mtego wa kwanza ni wa kujidanganya kwamba pasipoti ndiyo uraia. Wazazi wengi husema, “Hatukuwahi kumchukulia pasipoti ya Kenya, kwa hiyo si Mkenya.” Ibara ya 14 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia wa Kenya, awe amezaliwa Kenya au kwingine. Kristaps ni Mkenya kwa sababu yako wewe, tangu ile wodi ya Riga. Kuiacha pasipoti imalizike muda kabatini hakumtoi Ukenya, na PMLP haitaridhika na pasipoti iliyokufa. Itataka hati ya Kenya inayosema uraia umekanwa.

Mtego wa pili ni kudhani uraia wa Uingereza utasuluhisha. Akiwa na tatu, Latvia, Uingereza na Kenya, ule wa Uingereza hauna neno, ila wa Kenya unabaki na neno lake lile lile.

Sasa achague nini? Uamuzi ni wake, ni mtu mzima. Nitampa mizani tu.

Akiukana wa Kenya, anabaki na Latvia na Uingereza: anaweza kuishi na kufanya kazi nchi 27 za Umoja wa Ulaya bila kibali, pamoja na Uingereza. Anachopoteza Kenya ni kikubwa kuliko foleni ya uwanja wa ndege. Ibara ya 65 ya Katiba inamzuia asiye raia kumiliki ardhi milele. Anaweza kukodishwa tu, na si zaidi ya miaka 99. Kama kuna shamba la babu huko Kilifi linalosubiri kugawanywa, lizungumzeni *kabla* hajakana. Mkishamaliza kukana, mjadala wa shamba unakuwa wa mawakili.

Kuna nafuu ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 kinataja watu wanaoweza kuomba ukaazi wa kudumu, na miongoni mwao ni aliyekuwa raia wa Kenya wa kuzaliwa akaukana, na ambaye sheria za nchi ya makao yake hazimruhusu uraia pacha. Maneno ya sheria yanazungumzia nchi ya makao, na makao ya Kristaps ni Uingereza, ambayo inakubali. Kwa hiyo wakili wa Kenya ayasome maneno hayo dhidi ya hali yake kabla hajatia saini. Ukaazi wa kudumu si uraia, ila humwezesha mtu kuishi na kufanya kazi bila kuomba kibali kila mara. Bila huo, ataingia Kenya kwa idhini ya kusafiri ya mtandaoni, ile iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024, kama mgeni yeyote.

Na Ibara ya 14(5), inayowaruhusu Wakenya wa kuzaliwa kurudishiwa uraia? Husomwa kwa haraka. Imeandikwa kwa ajili ya waliopoteza Ukenya *kwa kuchukua uraia wa nchi nyingine*, wale wa enzi za katiba ya zamani. Aliyeukana kwa hiari yake asiiegemee. Na hata Kenya ingemkubali, kurudishiwa Ukenya akiwa mtu mzima kungekuwa, machoni mwa Riga, kuchukua uraia wa nchi isiyoruhusiwa, nasi tungerudi kule kule kwenye kuvuliwa.

Akiukana wa Latvia, anabaki na Kenya na Uingereza, nchi mbili zisizokerwa na uraia pacha. Anachopoteza ni Umoja wa Ulaya wote. Kwa kijana anayejiona wa Leeds na Kilifi, na Riga ni kwa bibi wakati wa Krismasi, si uamuzi wa kipuuzi. Lakini asitegemee kuurudisha kirahisi: tajnisi ya kawaida ya Latvia, yaani mgeni kuomba uraia, inataka miaka 5 ya ukaazi wa kudumu, mtihani wa lugha, wa misingi ya Katiba, wa historia na wa wimbo wa taifa, pamoja na kipato halali.

Njia ya tatu ni ruhusa ya Baraza la Mawaziri kubaki na vyote viwili. Ipo, lakini hutolewa kwa maslahi muhimu ya taifa la Latvia. Kuipenda bahari ya Watamu si mojawapo. Wataipata mwanamichezo wa timu ya taifa au mwanasayansi anayetafutwa. Kwa kijana wa kawaida ningeiweka mwisho kabisa.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Asikane chochote sasa. Aombe wa Uingereza kwanza akiwa na hati zake zote kama zilivyo, maana kubadilisha uraia katikati ya maombi huleta maswali yasiyo na faida. Akishakula kiapo, aiarifu Kenya ndani ya miezi 3: sheria ya 2011 inamtaka Mkenya mwenye uraia pacha autaje, na kunyamaza ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Akitimiza 24 awe ameshaamua. Kukana uraia wa Kenya kunapitia Idara ya Uhamiaji, na faili hutembea kwa mwendo wake. Miezi 12 ya nafasi ni busara. Hati ikitoka, itafsiriwe Kilatvia na mfasiri aliyethibitishwa, na muulize ubalozi mapema inahitaji kuhalalishwa vipi. Hapo ndipo watu hupoteza wiki nyingi: hati ni sahihi, ila mhuri uliokosekana unairudisha Nairobi.

Akinyamaza akapita 25

Uraia haupotei usiku wa manane peke yake. PMLP inapaswa kutoa uamuzi wa kumvua chini ya kifungu cha 24, na uamuzi huo unaweza kupelekwa Mahakama ya Utawala ya Wilaya ndani ya mwezi 1. Kuna kinga pia kutoka Luxembourg. Katika kesi ya Tjebbes ya 2019 na ya JY ya 2022, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema nchi inapomwondolea mtu uraia, na pamoja nao uraia wa Ulaya, lazima ipime athari kwa mtu huyo mmoja mmoja: familia yake, kazi yake, uhuru wake wa kutembea. Ni hoja nzuri ya kujitetea. Lakini aliyeacha tarehe ipite kwa uzembe, huku akijua, anakwenda na hoja nyepesi, na sitaki Kristaps awe mtu wa kuijaribu.

Kinachowaangusha wengi zaidi ni anwani. Barua za serikali ya Latvia hutumwa kwenye makazi yaliyoandikishwa, *deklarētā dzīvesvieta*, na huhesabika zimekufikia hata kama zimelala kwenye sanduku la nyumba mliyoihama 2016. Ule mwezi 1 unaanza kuhesabika, nawe huna habari. Mlatvia anayehamia nje kwa zaidi ya miezi 6 anatakiwa kuandikisha anwani yake ya huko. Fanyeni hilo wiki hii, baba na mwana, kupitia huduma za mtandaoni za PMLP au ubalozi. Ni dakika chache tu.

Mzee na uraia wa Kenya

Mume wako akiomba Ukenya, anavunja kanuni waziwazi. Ni mtu mzima, anachukua uraia wa nchi isiyomo kwenye orodha. Kifungu cha 23 cha sheria ya Latvia kinamtaka apeleke mwenyewe maombi ya kuukana Ulatvia ndani ya siku 30 tangu aupate ule mpya. Asipopeleka, anaingia kwenye kifungu cha 24.

Atakuambia, “Lakini sheria inasamehe waliopata uraia kwa ndoa.” Inasamehe, ndiyo, uraia unaomshukia mtu kwa nguvu ya sheria yenyewe kwa kuwa ameoa, ameolewa au ameasiliwa. Kenya haiko hivyo. Ibara ya 15 inampa aliyeoana na Mkenya kwa miaka 7 haki ya *kuomba* kusajiliwa. Anajaza fomu, anasubiri, anaapa. Alichokiomba kwa mkono wake hawezi kusema kimemshukia.

Kwa mzee dawa ni rahisi: asiombe uraia, aombe ukaazi wa kudumu. Kifungu kile cha 37 kinawataja pia walioana na raia wa Kenya kwa angalau miaka 3, na nyinyi mmeshapita zamani. Atakaa Kilifi mpaka achoke. Shamba liwe kwa jina lako, maana wewe ndiye raia. Lake litakuwa la kukodi. Kura hatapiga, lakini sijakutana na mstaafu aliyehamia pwani kwa ajili ya kura.

Na wewe mwenyewe, ukija kuutamani Ulatvia kwa tajnisi, utaambiwa uukane wa Kenya kwanza, kwa sababu ile ile ya orodha. Uraia wa Uingereza kwako hauna mgongano na Kenya. Taja tu ndani ya miezi 3.

Kwa wasomaji wengine wenye watoto wa aina hii: kama mama au baba ni Mtanzania, msisubiri 25, kwa kuwa Tanzania yenyewe haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa pili, na saa yake inaanza kulia mtoto akitimiza 18. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo nayo inauhesabu uraia wake kuwa mmoja na wa pekee. Na wazao wa Walatvia waliokimbia tawala za uvamizi kati ya 17 Juni 1940 na 4 Mei 1990 wana mlango wao: aliyezaliwa kabla ya tarehe 1 Oktoba 2014 anaweza kuandikishwa raia wa Latvia na kubaki na uraia wa nchi yoyote. Kama babu yenu alitoroka kwa mashua mwaka 1944, tafuteni hati zake kabla ya kukana kitu.

La mwisho ni la uwanja wa ndege. Wakishapata pasipoti ya Uingereza, wakiingia Riga waonyeshe ya Latvia. Akionyesha ya Uingereza, anahesabiwa mgeni wa siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku hizo zitaandikwa kwenye mfumo. Wakirudi Leeds waonyeshe ya Uingereza, kwa kuwa raia wa Uingereza hapewi idhini ya Uingereza ya kusafiri ya mtandaoni wanayopewa Wazungu wa bara. Kwa hiyo kila safari, pasipoti mbili mfukoni, na tiketi ziandikwe jina linalolingana na zote mbili. Walatvia huongeza *-s* kwenye majina ya kiume na kuyaandika yanavyotamkwa, basi hakikisheni fomu ya Uingereza imejazwa herufi kwa herufi kama ilivyo pasipoti ya Latvia.